Nyumba Iliyomsubiri Suleiman

Vijana wenzangu wa ofisini, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nikasema maneno machache kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Yaliyobaki nayaandika hapa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye jalada langu, atakaye akasome, naamini atasinzia. Nataka kusema juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya nyumba moja ya mtaa wa Kiponda niliyoiingia kwa miaka kumi na miwili. Humo nilifanya kosa ambalo hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kuniuliza.

Nilianza ustawi wa jamii nikiwa na viatu vya kisigino. Mzee Makame, aliyepewa kazi ya kunifunza, alivitazama kwa muda mrefu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Hivyo utavivua mara ishirini kwa siku," akasema. "Nenda sokoni Darajani kanunue kandambili."

Mzee Makame alikuwa mtu mwembamba, kofia imefifia, sauti ya chini. Alitembea Mji Mkongwe wote kwa miguu na hakuna kichochoro kilichomshinda. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: kabla hujapiga hodi, tazama chini. Kwetu viatu hubaki mlangoni, kwa hiyo kizingiti kitakwambia aliyemo ndani kabla ya mwenye nyumba kufungua kinywa. Mama anayesema anaishi peke yake, na makubadhi ya mwanamume yamepangwa vizuri pembeni. Nyumba inayosemwa haina watoto, na kandambili ndogo tatu zimetupwa huku na huku. Nilihesabu viatu kwa zaidi ya miaka thelathini. Hata nikienda harusini nilivihesabu.

Somo la pili lilikuwa mkoba wa ukili. Jalada la serikali usilishike mkononi mtaani. Litie mkobani, juu yake weka mchicha. "Watu wakiliona jalada," alisema, "familia ile ishahukumiwa mara ya pili." Nimenunua mchicha mwingi ambao nyumbani kwangu haukuliwa.

La tatu alinifunza baadaye, nilipoanza kupewa majalada ya watu waliotiwa hatiani kwa kudhalilisha watoto kijinsia na wakamaliza vifungo vyao. Gereza kwetu huitwa chuo cha mafunzo, ingawa sijaona aliyetoka na cheti. Wengi wao walitoka na amri ya mahakama ya kufuatwa miaka mingi, na sisi ndio tuliokuwa tukiwafuata. Mzee Makame aliniita, akaweka kidole juu ya jalada la kwanza.

"Hapa juu pana jina la nani?"

"La mwanamume."

"Na mtoto yuko wapi?"

Nikafungua. Mtoto alikuwa ndani, ukurasa wa tatu, herufi mbili tu, kwa ajili ya kumficha.

"Kila ukilifungua, anza naye huyo. Moyoni mwako. Usipofanya hivyo, utakunywa chai ya mama mtu miaka kumi, utamuonea huruma, na ni haki yake kuonewa huruma, lakini mtoto utakuwa ushamsahau."

Jalada lile lilikuwa la Suleiman, fundi wa simu. Alimdhalilisha mtoto wa jirani, msichana wa miaka minane. Sitaandika zaidi ya hapo. Kesi haijamalizika, wazazi wa mtoto walifunga vitu vyao wakahamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwa sababu mtoto alikuwa haipiti tena njia ya kwenda dukani. Walioondoka mtaani walikuwa wao. Nyumba ya Suleiman ilibaki pale pale.

Alipomaliza kifungo alikuwa na amri ya miaka kumi na mitano. Asiishi wala kulala katika nyumba yenye mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Asiingie skuli wala chuo cha Kurani. Aripoti kila mwezi. Asihame bila sisi kujua. Kwenye karatasi ilikuwa mistari minne. Nikaichukua mkobani, chini ya mchicha, nikaenda kuisoma kwa mama yake.

Bi. Mwanakhamis alikuwa mshona kofia. Nilimkuta kwenye mkeka, sindano mkononi, pembeni yake mtoto wa miaka sita akitoboa kitambaa chakavu kwa kumuiga. Huyo alikuwa Nuru, mtoto wa binti yake Rukia. Rukia alifanya kazi hotelini Kiwengwa, analala huko huko kwenye vyumba vya wafanyakazi ambavyo haviruhusu watoto, na anakuja mjini siku zake za mapumziko. Kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa mama.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya Suleiman. Kaa. Nuru, nenda juu."

Nikamsomea. Akasikiliza bila kuacha kushona. Nilipomaliza akaukata uzi kwa meno.

"Nyumba ina vyumba vinne," akasema. "Mimi na Nuru juu, yeye chini. Chini kuna mlango wake wa uchochoro wa nyuma. Hawataonana."

"Nyumba ni moja, bi."

"Nani kasema?"

"Mahakama."

"Mahakama ishalala hapa lini?"

Nilicheka, na yeye akacheka, na hilo halikubadilisha kitu. Suleiman akapangiwa chumba kwa binamu yake upande mwingine wa mji, kapera, hakuna mtoto. Nikawa namtembelea huko, na mara moja moja nikipita Kiponda bila taarifa. Mlangoni kwa Bi. Mwanakhamis nilikuta kandambili za mwanamke mzima na kandambili ndogo za rangi ya waridi. Mara tatu nilitazama, mara tatu nikaandika: Suleiman haishi hapa.

Mara ya nne ilikuwa asubuhi ya mvua. Bi. Mwanakhamis alinikaribisha, akamwambia Nuru alete chai. Mtoto akaja na sinia, amelishika huku ulimi uko nje kama watoto wanavyoshika vitu vizito. Juu yake vikombe vinne. Akanipa changu, akampa bibi yake, akaweka chake chini. Cha nne kilikuwa kimefunikwa kisahani.

"Hicho cha nani?" nikauliza.

"Cha mjomba. Yeye hatii sukari."

Bi. Mwanakhamis hakusogea.

"Mjomba yuko wapi, Nuru?"

"Chini. Viatu vyake anaingia navyo ndani. Bibi kasema ndo mchezo, wewe unatafuta viatu na sisi tunavificha."

Kumbe mji mzima ulikuwa unajua ninavyofanya kazi. Jirani mmoja niliyewahi kumsaidia katika kesi ya matunzo ndiye aliyemwambia bibi: "Huyo Bi. Zainab anahesabu viatu, ficha viatu." Nilichodhani ni siri ya taaluma kilikuwa kinasimuliwa vibarazani.

Suleiman akatoka chumba cha chini, amevaa kikoi, macho yake sakafuni. "Nilikuja kula tu," akasema. Nyuma yake niliona kitanda, chandarua kimefungwa vizuri juu, taulo kwenye msumari. Mtu anayekuja kula hapigilii msumari.

"Bi. Zainab," mama yake akasema kwa sauti ndogo, "mimi nalala na mtoto. Simuachi hata kidogo. Wallahi hata kidogo."

Nilimuamini, na nilikwenda kuandika nilichokiona. Suleiman angeweza kurudishwa ndani. Hakimu alimuonya, akaamuru akaishi kwenye shamba la marehemu baba yake, upande wa Uzini, kwenye kibanda cha peke yake. Kabla ya hapo nilitakiwa nichukue maelezo ya mama. Nilimkalisha kwenye benchi la ofisi yetu, nikamwambia kwamba mahakama inataka kusikia kutoka kwake nani atakaa nyumbani kwake.

"Mnataka nichague mtoto na mtoto."

"Ndiyo, bi."

Akaionyesha kalamu yangu kwa kidole. "Andika: Nuru abaki." Nikaandika. "Ana miaka sita. Andika na hiyo." Nikaandika. "Hiyo amri yenu inasema kumi na minane?"

"Kumi na minane."

Akahesabu kwa vidole, pingili kwa pingili, kama anavyohesabu tasbihi. "Kumi na miwili," akasema. "Haya. Nitangoja."

Na alingoja. Kila Jumamosi alikwenda Uzini na bakuli la mchuzi lililofungwa kwa kitambaa, akarudi kabla ya alasiri ili Nuru asikute mlango umefungwa. Kila Shaabani, wenzake wanapopaka chokaa kumbi zao kwa ajili ya Ramadhani, yeye alianza na chumba cha chini. Alifua shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Godoro la sufi alilitoa uani likapigwa jua, akalirudisha. Nikimuuliza hali husema, "Bado tisa." Mwaka wa pili yake, "Bado minane." Fomu yangu haikuwa na nafasi ya hesabu hiyo.

Amri ilimfunga Suleiman peke yake, lakini nyumba nzima iliibeba. Siku ya Idi watoto wa mtaa hupita mlango kwa mlango kupokea sikukuu, senti au vitamu vya Idi, wamevaa nguo mpya, kelele uchochoro mzima. Bi. Mwanakhamis alikaa kizingitini na sinia la visheti. Watoto walifika nyumba ya kabla yake, wakaruka ya kwake, wakaendelea na ya baada yake. Mama zao walikuwa wamewaambia, na siwalaumu, ingawa Suleiman alikuwa Uzini anapalilia mihogo. Nuru alisimama nyuma ya bibi yake na gauni lake jipya. Mwaka mmoja nilipita siku ya Idi kwa makusudi, nikala visheti vitano. Sikuwa mtoto, lakini angalau sinia lilipungua.

Hakuna rafiki wa Nuru aliyeruhusiwa kuja kucheza. Yeye mwenyewe aliambiwa mjomba anapenda shamba, mji unamchosha. Alipokuwa darasa la tatu, msichana mmoja alimwambia ukweli wote mbele ya wenzake, na zaidi ya ukweli. Alirudi nyumbani, akavua sare, akakaa kushona kofia. Bibi yake aliniambia hilo kama habari njema: "Hakulia hata kidogo." Na mimi niliandika: mtoto anaendelea vizuri.

Kwa Suleiman nilikwenda kila mwezi. Nilikuta kibanda kimefagiliwa, jembe limeegemezwa, karatasi ya kutia saini ipo tayari. Alikuwa mtulivu, na mtulivu ni rahisi kumpenda, ndiyo maana nawaonya. Siku moja, mwaka wa tano au wa sita, nilimuuliza, "Unamkumbuka yule mtoto?"

"Kila sala namuomba Mungu anisamehe."

"Sikukuuliza juu yako."

Akaisogeza karatasi kwangu. Kisha akasema, "Mama kasema bado mingapi?"

Nikafunga jalada.

Mama wa yule mtoto nilikutana naye mara moja tu, sokoni Darajani, anachagua samaki aina ya changu. Alinijua kabla sijamjua.

"Bado unakwenda kule?"

"Nnakwenda."

"Mwambie yule bibi..." Akageuza samaki, akafungua mashavu kutazama kama bado mbichi. "La. Usimwambie kitu. Alikuwa akimsuka nywele mwanangu."

"Mwanao hajambo?"

"Yuko chuo kikuu. Anasoma vizuri. Mtu akimgusa bega kwa nyuma, anaanguka." Akamlipa muuza samaki, akaenda.

Mzee Makame alifariki katika miaka hiyo, na nikapewa vijana wa kufunza, nanyi mmo. Niliwafunza viatu na mchicha. Nilidhani nimewafunza yote.

Nuru alitimiza miaka kumi na minane mwezi wangu wa mwisho kazini. Bi. Mwanakhamis alinipigia simu mwenyewe. "Njoo na hiyo karatasi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya bibi harusi. Magoti yalikuwa yameshakataa. Uzini alikuwa akienda kwa kuegemea fimbo, na miezi ile hakwenda kila Jumamosi. Alitaka mwanawe awe karibu wa kumchotea maji na kumsomea Yasini siku ikifika. Sheria haikumzuia tena. Ilitakiwa fomu ya kubadilisha makazi na saini za wahusika, basi.

Nilikuta ukumbi umefagiwa, udi unafuka. Rukia alikuwa amekuja kutoka Kiwengwa. Chumba cha chini kilikuwa wazi, kuta nyeupe, kitanda kimetandikwa shuka ya maua. Sheha, kiongozi wa mtaa, alikuwa ameshasaini. Suleiman alisaini huko kwake, siku iliyotangulia. Bi. Mwanakhamis akasaini polepole, herufi moja moja. Nilipogeuza ukurasa ndipo nilipouona mstari ambao sikuwahi kuujali: kila mtu mzima anayeishi katika nyumba hiyo.

"Nuru, mwanangu," nikasema, "na wewe hapa."

Nuru alikuwa amekaa ngazini, kofia ambayo haijamalizika iko mapajani mwake. "Saini yangu ya nini, Bi. Zainab?"

"Mjomba wako anarudi, hujui?" Rukia akasema.

"Najua, mama. Nauliza saini ya nini."

"Kwamba umekubali," nikamwambia.

"Na nisipokubali?"

"We! Kinywa hicho!" Rukia akainuka. "Bibi yako kangoja miaka kumi na miwili!"

"Na mimi nilikuwa wapi hiyo miaka kumi na miwili?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, limekaa mbele yangu lina miaka kumi na minane. Nilimuuliza Suleiman kila mwezi. Nilimuuliza bibi, sheha, majirani, binamu. Nilihesabu kandambili za rangi ya waridi tangu saizi ndogo kabisa, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza aliyezivaa anataka nini. Mzee Makame alinifunza nianze na mtoto aliyeumizwa, nami nilifanya hivyo. Yule aliyekuwa ananiletea chai nilimwandika kama samani ya nyumba.

"Bibi," Nuru akasema, na sasa sauti yake ilikuwa laini, "yule mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

Bi. Mwanakhamis akaishika fimbo yake. "Minane."

"Nilipokuwa na minane ulikuwa ukitia komeo mlango wa chumba chetu. Na mjomba keshahamia shamba zamani. Nlidhani watoto wote wanalala hivyo."

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Hata alipokuwa anakuja kwa siri, ulinilinda. Ndo nakwambia bibi, ulikuwa unajua kuna cha kunilinda nacho."

Rukia akafunika uso kwa mtandio. Mimi nikaifunika kalamu yangu.

"Unamchukia?" bibi akauliza.

"Simjui. Hata cha kumchukia sina. Nilipokuwa nikimpa chai nilikuwa na miaka sita." Akachomeka sindano kwenye kofia. "Aje akuone mchana, sisemi kitu. Lakini humu nataka nilale mlango uko wazi. Sijawahi, bibi. Sijui kunakuwaje."

Bi. Mwanakhamis akanigeukia. "Asipotia saini, karatasi inakwenda?"

"Haiendi."

"Nikimwambia atie?"

"Atatia kwa ajili yako. Nami nitaandika kuwa umemlazimisha."

"Utaandika?"

"Nitaandika, bi."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei aliyokwisha kuitarajia. Akaichukua fomu, ile yenye saini ya mwanawe, akaitazama. Kisha akaikunja mara mbili na kuitia kifuani. Hakulia. Udi ukazimika.

"Rukia," akasema mwisho.

"Naam, mama."

"Kesho Jumamosi?"

"Kesho Jumamosi."

"Godoro la kule Uzini limekwisha, analala kwenye kamba za kitanda. Ingia chini, toa hili. Tafuta gari." Akainuka kwa fimbo, akaingia mwenyewe chumba cha chini, akavuta shuka ya maua, akaikunja pembe kwa pembe. Nuru akashuka ngazi kuja kusaidia. Bibi yake akamzuia kwa kiganja.

"Wewe kaa. Hili si lako kulibeba."

Godoro la sufi huonekana jepesi, nalo ni zito. Rukia alishika mbele, Bi. Mwanakhamis akashika nyuma kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, na likakwama mlangoni. Nikaweka mkoba wangu chini, mchicha ukamwagika sakafuni, nikashika katikati. Tukalipitisha uchochoroni sisi watatu, majirani wakitutazama kutoka madirishani.